Mzigo wa Nyamongo Kwenye Treni ya Japani

Tangu nirudi sijanywa chai kwa amani pale karashani, penye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kila anayeketi kwenye benchi anaanza na "Mama Ghati, pole na safari," na kabla sijamaliza kuitikia anauliza habari za kifurushi chake. Basi nimeandika yote kwenye daftari hili, mara moja tu, mtalisoma kwa zamu. Mambo ya pasi, viza na tiketi sitayagusa, maana yaliwachosha hata waliokuwa wakilipwa kuyafanya. Na ili msianze kuruka kurasa mkitafuta majina yenu, nawaambia mapema kwamba mawe yote matatu yamerudi. Yamepanda ndege kwenda na kurudi, na bado ni mawe.

Mnamjua binti yangu Ghati, aliyeolewa na Kenji, yule Mjapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari huko Serengeti. Sasa wanaishi Hiroshima. Siku zake za kujifungua zilipokaribia, mtoto akawa amelala vibaya tumboni, na madaktari wakapanga kumpasua. Kule upasuaji unapangiwa siku na saa, nao wakapanga saa kumi jioni. Ghati akanipigia simu.

"Mama, nakuomba uniwahi kabla sijaingizwa. Ukifika nimeshaingizwa, utakuwa umekuja kumwona mtoto. Mimi utakuwa hukuja kuniona."

Ni maneno makali, nami niliyastahili. Ghati alilelewa Busawe kwa shangazi yake, miaka ile dhahabu ilipopamba moto hapa Nyamongo na kila mtu akawa tajiri wa kesho. Mimi nilikuwa nalinda viroba vya mawe. Mawe yakishafika karashani huondoki mpaka yasagwe, na foleni inaweza kula siku tatu. Ukienda kuoga unakuta kiroba kimepungua na hakuna aliyeona chochote, kwa hiyo unakikalia mchana na kukilalia usiku. Siku ya mahafali yake ya kidato cha nne nilifika viti vinapakiwa kwenye gari. Aliniamkia shikamoo kama anavyomwamkia mgeni wa shangazi yake, akanishukuru kwa kuja. Hadi leo nikikumbuka ile shukrani nasikia aibu.

Kwa hiyo safari hii niliapa nitafika mapema. Sasa someni jinsi nilivyofanya.

Nyamongo hadi Tarime

Ghati alinielekeza nije na begi dogo la magurudumu. "Treni za huku hazina buti, mama. Kila mtu anabeba chake na kukiweka juu ya kiti chake." Nikanunua begi hilo Tarime, jekundu, zuri, nikaliweka chumbani likakaa siku nne likiwa tupu. Siku ya tano mkaanza kuja.

Unga wa wimbi wa kumpikia mzazi uji niliuomba mwenyewe, hapo simlaumu mtu. Lakini baada ya unga zikaja dagaa, vikaja vitenge, likaja blanketi la mtoto lenye picha ya simba, yakaja majani ya chai ya kumpelekea mkwe, kama vile Japani hawajawahi kuona majani ya chai. Begi jekundu lilijaa kabla ya saa nne asubuhi. Nikahamishia kila kitu kwenye shangazi kaja, lile begi la nailoni la miraba lisilo na magurudumu wala haya, nikalifunga kwa kamba ya katani.

Nilipokuwa nakaza fundo la mwisho akaingia Mzee Marwa, mwenye duara lake la kuchimbia dhahabu, ameshika kitu kilichofungwa ndani ya soksi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Ghati, Wajapani wana mashine."

"Mashine gani?"

"Za kupimia. Mtu anaweka jiwe, mashine inasema yenyewe. Sisi hapa tunapima kwa macho na kwa maombi. Nenda na hili jiwe, wakuambie kama tuendelee kuchimba au tuache."

"Mzee, mimi naenda kwa mzazi."

"Kwani utamwangalia mzazi kutwa nzima? Siku moja utatoka nje. Basi siku hiyo toka na jiwe."

Nikalipokea. Habari zikatangulia kwenye vibanda, na kabla bodaboda haijafika walikuwa wamekuja wengine wawili na mawe yao. Hakuna kati yao aliyeamini kwamba jiwe la Mzee Marwa lina kitu, ila kila mmoja aliamini kwamba lake linacho. Sitawataja. Mnajijua.

Nilikodi bodaboda mbili, moja ya mzigo na moja yangu ya kuufuata. Dereva wa mzigo alisema tungetosha wote kwenye moja, nikakataa, maana ukikaa na mzigo mgongoni huuoni. Nilikaa nyuma ya yule wa pili nikimwambia, "Mura, kijana wangu, usimwache yule!" Yule wa mbele alipoona anafukuzwa akadhani tunashindana, akaongeza mwendo. Tuliingia Bomani, Tarime mjini, tumejaa vumbi mpaka kwenye meno, na kamba ya katani imelegea.

Hapo tukangoja gari la Sirari. Kondakta alisema tunaondoka sasa hivi, akaisema sasa hivi hiyo kwa muda wa saa mbili na nusu bila kubadilisha sauti. Watu walikwenda kunywa supu. Mimi nilikalia mzigo.

Sirari hadi ndani ya ndege

Mpakani kijana wa upande wa Kenya aliyekuwa akikagua mizigo alijaribu kuinua shangazi kaja kwa mkono mmoja, akaiacha.

"Mathe, hii mzigo ni heavy aje? Umebeba mawe?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akashika meza. "Mathe uko na story! Pita, pita." Ndiyo mara ya kwanza katika safari hiyo niliyosema ukweli mtupu, na sikuaminiwa.

Nairobi, uwanjani, mizani haikuwa na utani. Mzigo ulizidi. Binti wa kaunta akaniambia nipunguze, nikafungua kamba mbele ya watu wote na kuanza kutoa. Nilitoa sweta langu, koti nililoazimwa na mwalimu wa hapa kwetu, na viatu vya kufunika. Mawe sikuyagusa. Nguo ni zangu, mawe ni ya watu. Mzigo ukakubalika, na mimi nikapanda ndege kwenda kwenye baridi kali nimevaa kitenge na kandambili, nikijiona mtu mwaminifu sana.

Uwanja wa ndege wa Tokyo

Mbwa wa ukaguzi alinusa shangazi kaja upande wa dagaa, akapiga chafya, akaenda zake. Nilipotoka mlangoni simu ikaita. Alikuwa Kenji, na kile Kiswahili chake alichojifunzia Serengeti, kilichochanganyika na lafudhi ya huko.

"Shikamoo, mama. Pole na safari. Sasa sikiliza, mama. Hapo kushoto kuna dirisha la kupokea mizigo. Wape begi, waoneshe ile karatasi niliyotuma kwenye simu. Kesho asubuhi litakuwa hapa nyumbani. Wewe panda treni mikono mitupu. Sawa, mama?"

Mnajua kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali meza moja, na wakiwa na la kuzungumza wanalisema kwa ufupi kila mmoja ameangalia pembeni. Kubishana ndiyo kabisa haiwezekani. Nikaangalia pembeni, ingawa yeye alikuwa mkoa mwingine kabisa, nikasema, "Sawa, mkwe." Halafu sikufanya.

Nilikwenda mpaka dirishani, ndiyo. Nikasimama kando nikatazama. Watu walikuwa wanakuja na masanduku mazuri, wanajaza karatasi, wanapewa kipande, wanaondoka. Binti wa ndani alipokea kila sanduku kwa mikono miwili na kuliinamia kidogo, kama anampokea mgonjwa. Nilikaa pale karibu robo saa nikingoja mmoja wa wale wenye masanduku arudi kuchungulia. Hakurudi hata mmoja! Nikasema hawa watu ama wana bahati ama hawana akili. Vipande vya karatasi hata Nyamongo nimepewa vingi, na mawe sikuyaona.

Nikakunja kitenge cha akiba nikatengeneza ngata, nikainua mzigo kichwani, nikaondoka.

Stesheni ya Tokyo

Ile stesheni ni kubwa kuliko Tarime mjini, na iko ndani ya nyumba. Nilikuwa na saa nzima kabla ya treni yangu ya saa tano asubuhi, na shingo ilikuwa imeanza kulalamika. Nikasimama katikati na kuangaza macho huku na huku kwa ile namna ambayo stendi yetu ingeniletea vijana sita na ugomvi. Hakuja mtu. Hawana wapagazi. Kila mtu anaburuta kisanduku chake kidogo kimya kimya, hata wazee, hata wenye suti za gharama.

Wana makabati ya chuma ukutani. Unaweka mzigo, unafunga, unaenda kutembea. Nilitaka tu niuweke nipumzishe shingo huku nimesimama mbele ya mlango wa kabati. Lile kubwa kuliko yote lilipokea nusu ya shangazi kaja, likagoma. Nikasukuma kwa goti. Wanaume wawili wenye suti wakaacha safari zao, wakaja kusukuma pamoja nami bila kusema neno, mmoja begani mwake mkoba wa ofisi. Tuliposhindwa wakaniinamia wakiomba radhi, kana kwamba wao ndio waliotengeneza makabati. Nikawaambia wasijali, yaliyomo ni mawe. Wakainama tena.

Kwenye ngazi zinazopanda zenyewe, watu wa mji ule husimama upande wa kushoto ili wenye haraka wapite kulia. Mimi na shangazi kaja tulijaza pande zote mbili. Nilipofika juu nikageuka, nikaona foleni nyuma yangu mpaka chini. Hakuna aliyeguna. Ningetukanwa ningejua la kujibu.

Nikanunua chakula cha safari, kisanduku kimefungwa vizuri kama zawadi ya harusi. Ndani kulikuwa na wali wa baridi, kipande cha samaki, yai lililokunjwa na kitunda chekundu. Nilikiacha kile kitunda kiwe cha mwisho nikidhani ni kitamu. Ni chumvi tupu na ukali, machozi yalinitoka.

Tokyo hadi Kyoto

Treni ilifika, milango ikasimama pale pale palipochorwa mstari chini, na nikaingia kwa ubavu. Juu ya viti hapakutosha. Chini ya miguu hapakutosha. Nikarudi kwenye nafasi ya mlangoni, nikaweka mzigo chini, nikaukalia. Nilijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu Bomani.

Kondakta akaja, kofia, glavu nyeupe. Akainamia behewa zima kabla ya kuingia, hata waliolala. Aliponiona akatoa simu ya kutafsiri, ikasema kwa sauti ya kike: "Samahani sana. Mzigo mkubwa hukaa nyuma ya viti vya mwisho. Nafasi hiyo huombwa kabla. Hukuomba. Samahani sana." Aliomba msamaha mara mbili kwa kosa langu mimi, kisha yeye na mimi tukabeba shangazi kaja mpaka mwisho wa behewa na kuipachika nyuma ya viti. Akanionesha kiti changu. Kilikuwa katikati, na nikikaa siuoni mzigo.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa umri wa mama yangu, mdogo wa mwili, ana mkoba mmoja tu magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaniinamia, nikaona tumeelewana. Alinimenyea chenza, akayafunga maganda kwenye karatasi na kuyatia mkobani mwake. Nikampa karanga. Tukala vizuri.

Sasa nawaambia kosa langu, na mkicheka mcheke na nafsi zenu, maana wote mngelifanya. Sisi tukipanda basi la Mwanza, likisimama Bunda, likisimama Lamadi, unashuka. Unakwenda kusimama kando ya buti mpaka lifungwe, ndipo unapanda. Anayebaki kitini siku hiyo hana mzigo, au hatakuwa nao tena akifika. Basi treni iliposimama Yokohama nikashuka. Nikakimbia nje kwa nje mpaka mwisho wa behewa, nikachungulia dirishani, nikaona miraba yangu, nikakimbia kurudi. Nagoya nikafanya vile vile. Ningeweza kutembea tu kwa ndani kati ya viti, najua. Lakini mwizi wa buti hapiti kwa ndani.

Niliporudi nahema kutoka Nagoya, bibi alitoa simu yake akaiambia neno. Simu ikaniuliza, "Je, unaumwa?" Nikaieleza habari ya mzigo. Bibi akasikiliza, akafikiri, akajibu, na simu ikatafsiri: "Mzigo wako hauna adui hapa."

Nilikasirika kidogo. Mzigo usio na adui ni mzigo usio na kitu. Ndivyo nilivyofikiri, na nilikuwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Kyoto

Kyoto walipanda watu wengi, wageni wa kila taifa na masanduku yao. Nilishuka kama kawaida, nikafika mwisho wa behewa, lakini vichwa vilikuwa vimeziba dirisha. Nikarudi nyuma hatua mbili nione vizuri. Nikaona pembe moja ya miraba, nikaridhika. Kengele ikalia kidogo, kwa adabu, na milango ikajifunga.

Nilipiga kioo. Ndani bibi alikuwa amesimama, mikono miwili juu, mdomo wazi. Treni haikunguruma wala kupiga honi. Ilianza tu kuondoka, na kabla sijamaliza kusema "Jamani!" ilikuwa imekwisha pita yote, na mimi nimebaki na pochi shingoni yenye pasi na simu, na kandambili miguuni.

Nililia. Sikumlilia Ghati, na hili naliandika ili liwe limeandikwa. Niliulilia mzigo.

Binti wa stesheni alikuja mbio bila kuonekana anakimbia. Akaniketisha ofisini, akanipa chai isiyo na sukari, akafungua simu ya kutafsiri na fomu.

"Mzigo una rangi gani?"

"Bluu, nyekundu na nyeupe. Miraba."

"Ndani kuna nini?"

"Unga. Dagaa. Vitenge. Blanketi. Majani ya chai. Mawe."

Akatazama simu, akadhani imekosea. "Mawe?"

"Mawe."

"Mawe ya thamani?"

"Hilo ndilo hata sisi wenyewe hatujui."

Akaliandika hilo pia, bila kutabasamu, pamoja na namba ya simu ya Kenji. Kisha akapiga simu, akasikiliza, na ndani ya dakika chache akanipa majibu. Kondakta ameuona mzigo. Uko salama, umesimama wima. Utashushwa Okayama, stesheni iliyo njiani kabla ya Hiroshima, utakaa ofisi ya vitu vilivyosahauliwa. Mimi nipande treni inayofuata, nishuke Okayama, niteremke ngazi, nioneshe pasi, nitie sahihi. Itachukua dakika arobaini, pengine saa moja, kwa sababu lazima tuhesabu kitu kimoja kimoja kilichomo. Akaniandikia yote kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri, akachora na mshale.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu.

Kyoto hadi Okayama

Kwenye treni ya pili sikula wala sikuongea na mtu. Nilipiga hesabu kama tunavyopiga za foleni ya karasha. Okayama saa tisa kasoro dakika kumi. Hiroshima kama saa tisa na nusu, teksi, hospitali, nikafika na dakika kumi au ishirini mkononi. Nikishuka kuchukua mzigo nitafika saa kumi na nusu, na unga, na dagaa, na blanketi la simba. Mtoto atakuwa amezaliwa. Nitampa mzazi uji. Hakuna atakayesema sikuja.

Nikamwandikia Ghati ujumbe: "Niko njiani."

Akajibu: "Siku ya mahafali uliniandikia hivyo hivyo."

Niliusoma ujumbe huo nadhani mara kumi. Nje vilima vilikuwa vinapita, na mashamba ya mpunga madogo, yamekatwa vizuri. Nilikuwa na hasira naye, nawaambia kweli. Nilijisemea, anadhani nilikuwa nacheza pale karashani? Ada yake alidhani inatoka wapi? Halafu nikakumbuka kwamba ada nyingi alilipa shangazi yake, kwa mahindi. Vile viroba nilivyovilinda vingi vilitoa mchanga.

Treni ikasimama Okayama, milango ikafunguka. Nikainuka na karatasi yangu yenye mshale. Wote mlikuwa mle kichwani mwangu, Mzee Marwa na soksi yake, waleta unga, waleta dagaa, na swali mtakaloniuliza nikirudi. Nilimwona mfanyakazi mmoja kwenye jukwaa, amesimama anatazama madirisha, nadhani aliambiwa anipokee. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kuelekea mlangoni.

Nikarudi, nikaketi. Milango ikajifunga. Yule mtu wa jukwaani akainamia treni ilipokuwa inaondoka, na mimi ndani nikamwinamia pia, ingawa hakuniona.

Hiroshima

Dereva wa teksi alitazama kandambili zangu, akapandisha joto la gari bila kuulizwa. Aliponishusha hospitali akafungua buti la gari kutafuta mzigo wangu. Nikamwonesha mikono. Akafunga.

Kenji alikuwa mlangoni pa wodi. Alinionesha chumba kwa mkono huku akiangalia pembeni, kama alivyofundishwa kwetu, akatupisha. Saa ya korido ilisema saa kumi kasoro dakika ishirini na mbili.

Ghati alikuwa kitandani, gauni la hospitali, nywele zimefunikwa. Tumbo kubwa kuliko nilivyofikiri na uso mdogo kuliko nilivyouacha. Hakunitazama usoni kwanza. Alitazama mikono, kisha nyuma yangu, mlangoni.

"Mzigo uko wapi?"

"Nimeuacha."

"Umeibiwa?"

"Hapana. Upo. Uko Okayama, ofisini, wanaulinda. Ningeshuka kuuchukua nisingekuwahi."

Akaitazama tena mikono yangu. Nilidhani amekasirika kwa ajili ya unga, maana alikuwa ameusubiri. Nikaanza kumweleza kwamba Kenji anaweza kuufuata kesho, kwamba wimbi hauharibiki upesi, kwamba na dagaa nazo.

"Mama," akasema, "wewe? Wewe umeacha mzigo?"

"Nimeuacha."

Alianza kucheka, akashika tumbo kwa sababu kucheka kulimuuma, halafu kicheko kikageuka na akalia kama mtoto mdogo. Mimi nikasimama pale. Kwa kweli sikujua la kufanya na mikono yangu, haikuwa na cha kushika. Mwishowe nikaiweka kichwani pake. Alikuwa na joto. Tulikaa hivyo, hatukuzungumza mambo ya Busawe wala ya mahafali. Aliniambia anaogopa kisu. Nikamwambia hata mimi naogopa.

Manesi wakaja saa kumi kasoro tano, si dakika moja mbele wala nyuma. Wakakiinamia kitanda, wakaanza kukisukuma. Nikatembea kando yake mpaka kwenye ule mlango ambao ndugu hawapiti. Pale Ghati akanishika kifundo cha mkono.

"Watapiga simu kuhusu mzigo. Usiende kuufuata."

"Siendi."

"Hata wakisema wanafunga ofisi."

"Hata wakifunga."

Walipiga kweli, saa kumi na robo, watu wema wale. Kenji alisikiliza, akatazama pembeni, akasema mzigo uko tayari na kuna treni karibu. Nikamwambia ukae huko huko. Tuliketi viti viwili vimetutenganisha, kila mmoja anatazama ukuta wake, mpaka mlango ulipofunguliwa.

Mtoto alitangulia kutoka, mikononi mwa nesi, msichana, analia kwa nguvu za kwetu. Kenji akasimama kumpokea. Kitanda kikafuata. Ghati alikuwa na macho mazito ya dawa, midomo mikavu, na nilijua atauliza kwanza kama mtoto yuko salama, ndivyo kila mzazi anavyouliza.

"Mama yupo?" akauliza.

Nikamjibu mwenyewe. "Nipo."